Bi Mahfoudha, Aliyewakalisha Wazazi Chuoni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Mwenye chai aimimine, mwenye mtoto ampakate. Ni mie Ghadeer, na leo tunamkumbuka Bi Mahfoudha binti Khattab, mwalimu wa chuo cha Qur'ani kule Mabela, hapa Maskati, Omani. Amefariki Jumatatu ya wiki iliyopita. Bi Mahfoudha binti Khattab, mwalimu wa chuo, Mabela. Wengi wenu mlisoma kwake. Na wazazi wenu nao walisoma kwake, wapende wasipende.

Bi Mahfoudha alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi. Baba yake, Bwana Khattab, alikuwa na duka la vitambaa. Kila alfajiri, kabla hajafungua duka, alikaa na binti yake juu ya mkeka akamsomesha mwenyewe. Chuoni alimpeleka, lakini haikuwa kwamba akishampeleka ndiyo basi. Jioni humuuliza, "Leo mmesoma nini? Na wewe umefahamu nini?" Bi Mahfoudha alisema kuwa sauti ya baba yake ilikuwa ya kukwaruza, si ya kisomo kizuri hata kidogo, na hakuna kisomo alichokipenda kuliko kile.

Ikaja sitini na nne, mwaka wa mapinduzi. Bi Mahfoudha alikuwa msichana bado. Shangazi yake alimchukua, wakatoka. Baba alibaki nyuma, akisema atafuata. Hakufuata. Shangazi na binti wakaishia London, na huko, baada ya miaka michache, ndiko ilikowafikia habari kwamba Bwana Khattab amefariki Unguja. Bi Mahfoudha hakumwona tena baba yake tangu siku ile ya kuagana.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yake yalipoanzia.

Kule London Bi Mahfoudha alitafuta kazi, akaipata katika skuli ya Mayahudi. Ndiyo, skuli ya Mayahudi, ya dini yao, kaskazini ya mji. Alikuwa msaidizi katika darasa la watoto wadogo. Mwalimu wa darasa lile akiitwa Bi Rivka, mwanamke mfupi, mkali wa macho, mpole wa mikono. Ijumaa za baridi skuli ilifungwa mapema, kwa sababu Sabato yao huingia na machweo. Kila mtoto alitoka na karatasi yenye maswali juu ya sehemu ya Taurati iliyosomwa wiki ile. Maswali hayakuwa ya mtoto peke yake. Yalikuwa ya kuulizwa mezani, nyumbani, baba na mama wakiwapo.

Bi Mahfoudha aliona ajabu. Akamuuliza, "Mwalimu si wewe? Mbona kazi yako unawapa wazazi?"

Bi Rivka akamjibu, "Mtoto mimi ninaye mchana tu. Nikimfunza sala, na nyumbani asimwone anayesali, basi nimemfunza wimbo."

Maneno hayo Bi Mahfoudha aliyarudia maisha yake yote. Nimemfunza wimbo.

Kisha ikaja siku ya watoto kupewa vitabu vyao vya kwanza vya sala. Wazazi waliitwa. Nyumbani walikuwa wameshavishonea vitabu vile majalada, kila mmoja kwa ufundi wake, mengine yamekwenda upande. Wakaja wakakaa kwenye vile viti vya watoto, magoti yamewapanda hadi kifuani. Akamwona baba mmoja ameweka kidole kwenye mstari, na binti yake anasoma nyuma ya kile kidole. Bi Mahfoudha akatoka. Akaenda jikoni akalia.

Bi Rivka alimfuata. "Baba yako yuko wapi?"

"Alikuwa Unguja. Ameshafariki. Sikumzika."

Bi Rivka akafungua bomba la maji. Halafu akasema, "Wangu nilimpoteza vitani. Mimi pia sikumzika." Akachukua kitambaa, wakaosha vikombe pamoja mpaka vikaisha.

Miaka ya sabini, watu wetu walipoanza kurudi Omani, nchi ya babu zao, Bi Mahfoudha naye alirudi. Aliolewa Maskati, akaajiriwa serikalini, akamzaa mtoto mmoja tu, Hatem. Alifanya kazi sana. Mume alifariki mapema, na yeye akaendelea na kazi. Alipostaafu alihamia Mabela, kwenye nyumba mpya, na sebule kubwa ya mbele akaifanya chuo.

Kilikuwa chuo chenye sharti. Sharti moja tu. Mtoto hapokewi mpaka mama au baba aahidi kuja naye siku moja kila wiki, akae, asome naye. Na kila Alkhamisi mtoto hurudi na swali la kumuuliza mzazi wake.

Watu walinung'unika. "Sisi tunafanya kazi, Bi Mahfoudha." Yeye akiwajibu, "Nnajua. Na mie nilifanya kazi."

Siku moja baba mmoja alimuuliza mbele ya watu. Huyu ni Bwana Muatasim, mwenye gereji kule mtaa wa Ghala, aliyekuwa akimleta binti yake Shatha. Alisema, "Mwalimu, utaratibu huu umeutoa wapi? Vyuo vyetu havikuwa hivi."

Bi Mahfoudha angeweza kusema ameutoa kwa baba yake, na usingekuwa uwongo. Alisema, "Kwa baba yangu niliuona nikiwa mdogo, nikaupoteza. Nikauona tena London, kwa Mayahudi, katika skuli yao."

Muatasim alisimama, akamshika binti yake mkono, akaondoka. Familia nyengine mbili zikamfuata. Shoga zake wakamwambia, "We Mahfoudha, ungelinyamaza tu." Akasema, "Yule mwanamke amenifunza jambo la kheri, akanifuta machozi. Leo nimkane kwa ajili ya kupata wanafunzi? Sitoweza."

Wasikilizaji wapendwa, Bwana Muatasim nimezungumza naye mwenyewe. Amekubali nikuelezeni yaliyofuata.

Alimtoa Shatha chuoni, lakini Shatha alikuwa ameshapewa swali la wiki ile. Walikuwa wanasoma Suratu Dhuha. Jioni, wakila, mtoto akauliza, "Baba, Mtume alikuwa yatima, Mwenyezi Mungu akampa makao. Wewe unamjua yatima yeyote aliyepewa makao?"

"Nilitua tonge," Muatasim aliniambia. "Mie ndiye yatima. Ami yangu ndiye aliyenilea, tangu nna miaka mitatu. Mwanangu hakuwa akijua. Sikuwahi kumwambia, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza yote. Hata mama yake alikuwa hajayasikia yale."

Wiki iliyofuata alitoka Ghala moja kwa moja, nguo za gereji mwilini, akasimama mlangoni na Shatha. Bi Mahfoudha akamwambia, "Pita, mwanangu. Bado tuko aya ya sita, ile ya yatima." Muatasim akakaa kitako.

Habari zikaenea, na chuo kikajaa. Lakini lipo lililokuwa likimkaa moyoni Bi Mahfoudha. Mwanawe Hatem anaishi Leeds, Uingereza, na mkewe na binti yao Atheer. Mwaka juzi alikuja kumtazama mama yake. Akaingia chuoni bila ya kubisha, akakuta kina baba na kina mama wamekaa na watoto wao, na mama yake katikati.

Hatem ananieleza, "Nilisubiri watu waondoke. Nikamwambia, Mama, na mie mbona hukukaa nami? Mie dereva ndiye aliyekuwa akinipeleka chuoni. Nikimaliza juzuu, nikipewa zawadi. Zawadi nyingi. Wewe nilikuwa sikuoni."

Mama yake alimjibu, "Nilikuwa nikikutafutia riziki, mwanangu. Nikadhani kukutafutia ndiko kukaa nawe. Wewe ulipoondoka ndipo nilipofahamu. Na hawa wote unaowaona hapa, nnawakalisha kwa sababu yako."

Hatem alirudi Leeds. Kisha, Ijumaa moja, akapiga simu ya video. Atheer yuko pembeni yake, msahafu umefunguliwa. "Mama, tuko hapa. Sote wawili."

Ikawa kila Ijumaa. Bibi Mabela, mjukuu Leeds, na baba kati yao ameweka kidole kwenye mstari. Moyo wa Bi Mahfoudha ulikuwa umeshachoka, madaktari walikuwa wameshasema. Lakini Ijumaa alivaa nguo ya kutokea, akajifukiza udi, kana kwamba harufu itafika.

Ijumaa ya mwisho alikuwa amelala kitandani. Atheer alisoma. Alipomaliza, bibi akasema, "Ahsante, mjukuu wangu. Leo swali nnamuuliza baba yako. Hatem, siku gani ulinitamani zaidi?"

Hatem akamjibu, "Siku niliyohitimisha Yasini. Nilikuwa nnatazama mlangoni."

"Basi nisomee sasa."

Hatem ni mtu wa makamo, nywele zimeshaingia mvi. Alisoma Yasini yote, Atheer akimfunulia kurasa. Pahala pamoja alikosea, na sauti ikatoka kitandani ikamsahihisha. Alipomaliza, mama yake alikuwa amefumba macho. Akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Nimekusikia yote." Jumatatu akafariki.

Hatem alifika Maskati tumeshazika. Kama mama yake alivyomkosa babu yake, naye hakuwahi kumzika.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Mabela kutoa mkono. Hapana aliyeitwa, lakini kina baba na kina mama walikuwa wamekuja na watoto wao, wamekaa, wanasoma. Muatasim alikuwa akiwaongoza. Hatem alisimama mlangoni na Atheer. Mtoto mmoja mdogo akainua uso, akamuuliza, "Ami, wewe umekuja na mzazi gani?"

Atheer akamshika baba yake mkono, akamwambia, "Baba, kaa na mie." Wakakaa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Hatem, kwa mkewe, kwa Atheer, na kwa nyumba zote za Mabela alizozilea Bi Mahfoudha, tunatoa mkono wa tanzia. Mwenyezi Mungu amrehemu, amkutanishe na baba yake.

Na sisi tuliobaki tujitazame. Mwalimu anaye mtoto wako saa chache tu. Zilizobaki ni zako. Kama yupo hapo ulipo, punguza sauti ya redio hii, umuulize leo amesoma nini. Halafu umsikilize mpaka amalize.