Kiti cha Mke wa Mkuu

Msiba ulipoingia kwa Mzee Kristian, wenzake wa kijiwe cha Malindi, kijiji cha mlimani, walibeba benchi lao na birika la kahawa, wakamfuata uani kwake. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Mkewe, Rahabu, angezikwa mchana. Binti yao Beatha, mke wa Mkuu wa Mkoa wa mbali, alikuwa njiani, na maofisa walikwisha kumwekea kiti chenye kitambaa cheupe mbele ya turubai. Kristian alitaka mwanawe akae mkekani, pamoja na wanawake wafiwa.

— Mke wa Mkuu haketi chini, alisema Danieli, aliyeitwa Itifaki kwa kuwa aliwahi kulinda geti la ofisi ya serikali.

— Cheo ni cha mumewe, alijibu Yusuph Redio. Yeye aliapa wapi?

— Kanisani, siku ya ndoa. Inatosha.

— Basi sisi tuliooa walimu tukasahihishe madaftari.

— Cheka tu, alisema Danieli. Yule hata kulia ana ratiba. Atalia baada ya hotuba, kidogo, kamera zikiwa tayari.

— Nimesikia hata kitenge anachaguliwa na ofisi.

— Na ugonjwa wa mama yake? Kristian aliuliza taratibu. Nao ulipangwa na ofisi?

Wote walikuwa wamemwona Beatha kwenye runinga akigawa mashuka wodini huko kwa mumewe, wakati Rahabu yu kitandani.

— Mzee mwenzangu, alisema Danieli, kule yeye ni mama wa mkoa mzima.

— Hapa alikuwa na mama mmoja.

Mwanamke akatokea kwa miguu kwenye njia ya shambani, kanga kichwani, viatu vimejaa tope. Msafara alikuwa ameuacha barabarani.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia, na hapo ndipo Danieli alipomtambua. Akainuka haraka kumwonyesha kiti.

Beatha hakukitazama. Alimtazama baba yake.

— Baba, mama aliniulizia?

Yusuph, mwenye habari za kila nyumba, akainamia kikombe chake. Danieli akabaki amesimama, mkono ungali umenyooshwa. Kristian alilijua jibu. Kila gari lilipopanda mlima, Rahabu alimtuma dirishani akaangalie. Akageuka, akaliangalia dirisha lile.

Beatha alingoja. Kisha akavua viatu mlangoni, akaingia kwa wanawake, na ndani mtu akasogea kumpisha mkekani.