Mtoto wa Sokwe Ndani ya Tenga

Lori la Kirando lilikuwa likikaribia Sumbawanga. Mbele ya Bibi Coleta, mmoja wa abiria, mfanyabiashara Romani alikuwa akimnywesha maji mtoto wa sokwe aliyekuwa ndani ya tenga, kwa kifuniko cha chupa, taratibu kama mzazi.

"Siku hizi biashara ni huria, dada," alimwambia Kabula, mama wa Kisukuma aliyekaa jirani yake. "Huko bustani ya wanyama atakula ndizi kila siku. Hakuna jangili wa kumgusa."

"Mama yake yuko wapi?"

"Alikataa kumwachia. Ikabidi apigwe risasi."

"Basi usinitajie majangili, kaka."

Lori likasimama Kizwite, mtaa wa Sumbawanga. Romani akainua tenga, lakini likakwama, maana vidole vidogo vilikuwa vimeshika kitenge cha Coleta. Coleta akaanza kuvibandua kimoja kimoja, na Romani hakumharakisha.