Mama Kofia na Kapu la Mlangoni

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Kofia anavua koti jeupe la kiwanda chetu cha pipi baada ya kulivaa kwa miaka thelathini na miwili.

Alianzia meza ya kufungia, enzi hizo pipi zikifungwa kwa mkono, kisha akahamia kwenye masufuria ya kuchemshia sukari. Miaka ishirini ya mwisho amekuwa mwenyeji wa familia zinazokuja kutembelea kiwanda kila Jumamosi, na jina lake la utani lilitoka huko. Kila mgeni alivalishwa kofia ya neti kabla ya kuingia. Wenye upara nao hawakusamehewa, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini. Wakati wa kutoka kila mmoja aliitumbukiza yake kapuni, naye Mama Kofia akazihesabu. Watoto walimwonea wivu kwa kushinda katikati ya pipi. Hawakujua kwamba hata chai anakunywa bila sukari.

Mwaka wake wa nne katika kazi hiyo, kofia moja ilipungua. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitufe chekundu, king'ora kikalia, mitambo yote ikasimama. Tulitafuta kila kona, kumbe kofia ilikuwa mfukoni mwa babu mmoja aliyetokea kuipenda. Sukari iliganda ndani ya mashine, tukashinda siku mbili tukiibandua kwa patasi. Msimamizi wa zamu alimwandikia barua ya onyo: akirudia, kazi hana. Msimamizi huyo ndiye anayeandika wasifu huu.

Mwaka uliofuata kofia ikapungua tena. Sote tulisema ni mgeni mwingine kaondoka nayo. Mama Kofia alikuwa na watoto watatu shuleni, na barua yangu ilikuwa kwenye faili lake. Alibonyeza kitufe. King'ora kilipolia, dereva wa foklifti alikuwa ameshaanza kurudi nyuma. Hatua mbili kutoka kwenye magurudumu, msichana wa miaka minne alikutwa amelala fofofo ndani ya katoni tupu, kofia yake kichwani.

Siku hiyo hakuna aliyeandika barua. Lakini ile ya kwanza nayo hakuna aliyeiondoa, na mimi niliona haya kuitaja. Imekaa humo miaka kumi na sita. Jumatatu niliichukua ofisini nikampelekea, nikamwomba radhi. Aliisoma yote, akanionyesha kosa kwenye tarehe, akaitia mkobani.

Kwa kuwa Jumamosi zote hizo alikuwa kazini akipokea familia za wengine, mumewe na wajukuu wake wanne hawajawahi kukanyaga humu. Keshoye baada ya kustaafu atawaleta, naye akiwa mgeni kama wageni wengine.

Ahsante, Mama Kofia. Tunakuombea afya, mapumziko marefu na chai isiyo na sukari. Kofia zenu sita ziko tayari mlangoni, na wakati wa kutoka nitazihesabu mwenyewe.