Kadi ya Salamu Kutoka Kimbiji

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wa viti vya nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe! Haya, sasa mmeamka.

Mimi ni Baba Neema, yule wa besi. Mnanisikia nikinguruma hapa kwaya, mnadhani nilizaliwa nikiimba. Ndugu zangu, mwaka jana nilinyamaza miezi mitano!

Kabla ya hapo nilikuwa mtuma salamu. Kila wiki najaza kadi, naipeleka redioni: "Mimi Besi la Temeke nawasalimu wafuatao." Naorodhesha majina, naomba wimbo wa kwaya, nasubiri Jumamosi mchana mtangazaji anisome. Tulikuwa wengi, hatujuani hata sura, lakini kila mmoja anajua wimbo wa mwenzake. Kulikuwa na Bwana Kombo wa Kimbiji, mpenzi wa taarabu. Huyo kwa uchokozi! Anaandika, "Besi la Temeke, leo pumzika, usikie watu wanavyoimba." Nami wiki inayofuata namjibu kwa kwaya. Sijawahi kumwona, ila nilimpenda.

Kisha kiwanda chetu kikauzwa, tukapunguzwa. Miaka kumi na saba nimesimama kwenye mashine ileile! Nikajiona si mtu tena. Kwaya nikaacha, kadi nikaacha, redio nikaitoa betri. Nikawa nakaa naangalia ukuta. Watoto wakiniamkia, najibu kwa kichwa. Mke wangu alivumilia, hadi siku moja akasema, "Baba Neema, mie nimechoka kukaa matanga ya mtu aliye hai. Mwezi ukiisha hujasema neno, nachukua watoto narudi kwetu Masasi."

Ndugu zangu, nilitaka kumjibu! Sauti haikuja. Nikaomba moyoni maneno mawili tu: Bwana, nifungue.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mke wangu anakunja nguo, Mama Hamisi, mpangaji wa chumba cha mbele, akaingia bila hodi, redio kaikumbatia. "Shemeji, unatajwa huku!" Mtangazaji alikuwa anasoma kadi ya Bwana Kombo: "Besi la Temeke, popote ulipo. Tangu unyamaze, taarabu yangu haina wa kumkera. Leo sijiombei kitu. Naomba wimbo wako." Mwislamu yule, ndugu zangu! Kaacha taarabu yake, kaniombea kwaya! Zikafuata kadi za Keko, za Mbezi, za Kinondoni, zote zinaniulizia. Kumbe walikuwa wakiniita wiki hadi wiki, na mimi betri nimezitoa!

Wimbo ukaanza. Ukafika pale besi inapoingia peke yake, na mimi nikaingia! Kwa machozi, bila aibu. Mama Hamisi akapiga vigelegele. Mke wangu akaziacha nguo, akadaka sauti ya kwanza. Binti yangu Neema akauliza, "Baba, umepona?" Nikamwambia, "Nimepona, mwanangu." Haleluya!

Kiwanda hakijarudi. Natengeneza baiskeli pale sokoni, naimba kutwa, wateja wamezoea.

Wewe uliyenyamaza leo, mtumaini Bwana! Ila usimchagulie atamtuma nani. Mimi aliniita kutoka Kimbiji. Nami Jumamosi iliyofuata nilituma kadi, nikamwombea Bwana Kombo taarabu. Mchungaji anisamehe: ilipopigwa, niliicheza.