Neno Lililovutwa Vibaya

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niliyebebwa sana mgongoni mwa marehemu, niwasomee safari ya maisha yake.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1959 katika zahanati ya misheni, akiwa mtoto wa pili kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha sekondari hadi 1977, ambako alisifiwa kwa hesabu na kuadhibiwa kwa ubishi, akafundisha chekechea miaka miwili, na mwaka 1980 akajiunga na chuo cha uinjilisti, akahitimu Novemba 1982.

Mei 1983 kanisa lilimpeleka bondeni, kwa wenyeji wa asili, watu waliokuwapo pale kabla ya barabara na kabla ya kanisa lenyewe, ili awahudumie vijana, naye akaanza kujifunza lugha yao kwa bidii na kwa makosa mengi. Tarehe 12 Agosti lori lililobeba wanafunzi lilitumbukia mtoni, wakafa tisa, na Jumapili ya tarehe 21 wenzao walikusanyika katika chumba cha nyuma ya kanisa, wameinamisha vichwa, hakuna anayelia. Dada akasimama kuwaambia kwamba Mungu atawafariji, akavuta silabi isiyovutwa katika lugha ile, akatangaza kwa sauti ya mimbarini kwamba Mungu atawatekenya. Jamani! Msichana mmoja aliyempoteza kaka yake akaangua kicheko, wakacheka wote, kisha kicheko kikageuka kilio, na dada, akidhani amewatukania wafu wao, akakimbilia nje, hadi yule msichana alipomfuata na kumweleza alichokuwa amesema. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Tekenya, hata kabla hajawa mama wa mtu.

Aliendelea nao kila Jumapili alasiri, akiwapa msasa wasugue mabenchi ya kanisa, maana aligundua kwamba kijana mwenye msiba hasemi akikodolewa macho, ila mikono ikiwa na kazi ulimi hulegea, na sala ilikuja mwishoni, fupi. Mabenchi hayo yalikuwa ya seremala wa kanisa, aliyekuja kulalamika kwamba yanasuguliwa hadi yanakonda, akaishia kufunga naye ndoa tarehe 15 Desemba 1984, wakajaliwa mtoto wa kiume, ambaye ni fundi umeme, na binti, aliyezaliwa mwaka 1990.

Binti huyo alifariki kwa homa ya uti wa mgongo tarehe 3 Mei 2009, akiwa na miaka kumi na tisa, na hapo dada yetu alizimika, akaacha kazi, akaacha kusali, akawafukuza wachungaji na sisi ndugu zake. Siku ya arobaini na moja vijana wake wa bondeni walikuja, wengine wakiwa na watoto wao, wakakaa sakafuni na vipande vya msasa, wakasugua meza yake ya chakula, mpaka yule msichana wa zamani, sasa mtu mzima, akamwambia kwamba Mungu atamtekenya. Dada alicheka, akalia hadi jioni, na Jumapili iliyofuata akarudi kazini, akafanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2019.

Mwaka 2022 figo zilianza kushindwa, akatibiwa kwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, naye akaiaga dunia Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji yetu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia ubishi wake, majirani waliotupikia na kutufulia, na watumishi wenzake. Nanyi vijana wa bondeni, wenye mvi sasa, asanteni kwa kutufundisha jana kulitamka lile neno vibaya, kama yeye alivyolitamka, kwa sababu leo walioinamisha vichwa ni sisi.

Dada, Mungu akutekenye. Pumzika kwa amani.