Mama Usitupe na Uzi Wake wa Mafundo

Mama anayesindikizwa leo alizaliwa tarehe 9 Februari 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto sita. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala, na mama yake alishona nguo kwa mkono barazani. Wengi waliokusanyika hapa hawakumjua kwa jina lingine zaidi ya Mama Usitupe, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka kila alipomwona mtu ameshika kopo, kizibo au kipande cha kamba akielekea kwenye pipa la taka. "Usitupe! Kwani kimekukosea nini?"

Udadisi wake ulianza mapema. Alipokuwa na miaka saba, baba yake alirudi nyumbani na saa mbovu ya ukutani iliyoondolewa ghalani. Mtoto aliifungua kwa kisu cha jikoni, akapanga kila kipande juu ya kitambaa kwa mpangilio wa kukitoa, akavifuta kimoja kimoja kwa mafuta ya taa, akavirudisha. Saa ikaanza kwenda. Lakini juu ya kitambaa ilibaki skrubu moja, yenye urefu wa ukucha wa kidole gumba.

"Irudishe mahali pake," baba yake alimwambia.

"Sipajui, baba. Na saa yenyewe inakwenda."

Saa ile ilikwenda miaka thelathini na moja bila skrubu hiyo. Skrubu yenyewe marehemu aliitunza ndani ya mkebe wa vifungo, akahama nayo kila alikohamia. Mara kwa mara aliitoa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha na kuuliza wote waliokuwapo, "Sasa hii ilikuwa ya nini?" Wanawe watatu walikua wakisikia swali hilo, na hakuna aliyewahi kulijibu.

Alianza shule ya msingi Januari 1957 na kumaliza darasa la saba Desemba 1963. Darasani kwao rula hazikutosha, na yeye hakuwa nayo. Alichukua uzi, akauwekea mafundo kwa kuupima kwenye rula ya jirani yake, akawa anapimia huo. Mwalimu wa hesabu alimcheka mbele ya darasa zima. Wiki iliyofuata mwalimu huyohuyo alitaka kupima madirisha ili yawekewe mapazia, rula yake ikawa fupi, akamwita pembeni. "Binti, ule uzi wako uko wapi?"

Hakuendelea na masomo, kwa kuwa mama yake aliugua na wadogo watano walihitaji mtu wa kuwalea. Lakini uzi hakuuacha. Hadi mwisho wa maisha yake hakuwahi kutumia futi ya fundi cherehani. Kila mtu wa nyumba yake alikuwa na uzi wake, umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, wenye mafundo matatu: ukianzia chini sakafuni, fundo la kwanza ni kiuno, la pili kiwiko, la tatu bega. Mtoto akirefuka, uzi uliongezwa. Mkwe akiolewa, kabla hajaonyeshwa jiko alipimwa uzi.

Tarehe 3 Aprili 1968 aliajiriwa hospitalini, katika chumba cha kufulia na kushonea, akafanya kazi hapo miaka thelathini na sita hadi alipostaafu mwaka 2004. Shuka la wagonjwa huchakaa katikati kwanza, pale mtu anapolala, na pembeni hubaki zima. Wenzake walikuwa wakiyatupa. Yeye aliyapasua katikati kwa urefu, akaunganisha pembeni na pembeni, na pale palipochakaa pakawa ukingo. Shuka likaishi tena miaka miwili. Likichoka kabisa likawa foronya, foronya ikawa kitambaa cha kufungia mkono uliovunjika, na mwisho ikawa kitambaa cha kupigia deki. Msimamizi wake aliwahi kumwuliza, "Mama, na kitambaa cha deki kikiisha?" Akamjibu, "Bado nafikiria."

Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo, bila msimamizi. Kopo la maziwa lilitobolewa kwa msumari likawa kikwaruzio cha sabuni. Mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli ulikatwa pete pete, zikafunga mifuko ya unga. Droo za kabati lililovunjika zilitundikwa ukutani zikawa rafu. Stoo ya nyuma ilijaa, na kila kitu humo kilifungwa kipande cha kadibodi chenye mistari miwili kwa mwandiko wake wa duara: "Ilikuwa" na "Itakuwa". Si kila kilichokusudiwa kilifaulu. Mwaka 1986 alijaza mto wa kochi kwa mifuko ya plastiki, akauweka mahali pa heshima siku walipokuja wakwe. Baba mkwe alikaa, mto ukalia. Akajisogeza, ukalia zaidi. Mazungumzo yakasimama, na wageni wote wakaanza kutazama chini ya kochi wakidhani kuna panya. Marehemu alicheka hadi akatoka nje, na alipostaafu bado alikuwa akitafuta njia ya kuunyamazisha mto huo.

Alifunga ndoa tarehe 20 Juni 1970 na fundi wa kupaka rangi majengo. Walikutana hospitalini alipokuja kupaka rangi kuta za chumba cha kufulia. Siku ya kwanza marehemu alimwomba kopo moja tupu la rangi. Siku ya pili akaomba mawili. Siku ya tano kijana akashindwa kuvumilia.

"Dada, makopo yote haya unayapeleka wapi?"

"Njoo uone."

Alikwenda, akakuta viti sita vya makopo vyenye mito ya vitambaa, akakaribishwa kwenye kimojawapo. Mume mwenyewe alikuwa akisema hadi uzeeni kwamba alifuata makopo yake akabakishwa na viti. Walijaliwa watoto watatu: binti ambaye ni muuguzi, mwana wa kati ambaye ni fundi viatu, na kitinda mimba ambaye ni dereva wa lori. Waliishi pamoja miaka thelathini na tisa, hadi mume alipofariki tarehe 11 Oktoba 2009.

Hapo kuna jambo ambalo lazima lisemwe, kwa kuwa marehemu hakulisahau. Mwana wa kati nyumbani huitwa Kimya. Ni mtu ambaye mteja akimletea kiatu, anaongea na kiatu. Siku ya maziko ya baba yake alipewa mistari minne tu ya kusoma. Alisimama, akashika karatasi, na mikono yake ikatetemeka mpaka karatasi ikasikika kwenye kipaza sauti, ikichakarika kama mtu anafungua pipi. Alisoma mstari mmoja, akampa mdogo wake karatasi na kurudi nyuma ya watu. Waliporudi nyumbani hakula. Mama yake alimfuata nyuma ya nyumba, akakaa karibu naye. Kisha akamwambia, "Hukushindwa. Ile karatasi ndiyo haikuwa na pa kukaa." Kimya alidhani ni maneno tu ya mama kumfariji mwanawe.

Novemba 2022 marehemu alianza kuchoka akitembea hatua chache, na miguu ikavimba. Madaktari waligundua kuwa moyo umetanuka. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi nyumbani na kuendelea kuingia stoo polepole, akishika ukuta. Januari alimwita Kimya. "Niletee vipande viwili vya mpira wa soli. Vidogo, kama kucha." Aliletewa bila kuulizwa vya nini, maana katika nyumba ile swali hilo lilijibiwa na kitu chenyewe kikishakamilika. Wakati wa Pasaka alionekana akitengeneza kitu chenye miguu. Binti yake alimwuliza ni nini. "Utakijua siku yake."

Alilazwa tena mwishoni mwa Aprili. Siku moja mchana, wanawe watatu wakiwa wamezunguka kitanda, alisema waziwazi, "Wasifu wangu asome Kimya."

"Mama jamani," dada mkubwa alisema, "huyu hata salamu anamnong'oneza mtu."

"Mama, kuandika nitaandika," Kimya alisema. "Lakini asome dada. Unanijua. Mikono yangu."

"Mikono yako naijua, niliitengeneza mimi. Utasoma wewe."

Kimya hakukubali wala hakukataa. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 16 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 74, binti yake amemshika mkono. Kwa hiyo jibu lilibaki kwa Kimya peke yake, naye aliogopa kulisema: akisimama na kushindwa tena, safari hii atakuwa amemwangusha mama yake mbele ya watu wote, na hakuna siku ya tatu ya kujaribu.

Msiba ulipoanza, kile kitu chenye miguu kilitolewa stoo kupisha viti. Kilikuwa na miguu ya meza ya pasi, ubao uliolala kwa mshazari, na kwenye ukingo wa chini wa ubao rula ya mbao. Kadibodi yake ilisema: "Ilikuwa: meza ya pasi, rula, mfuniko wa sanduku. Itakuwa:" na hapo palikuwa patupu. Kila aliyepita alikuwa na jibu lake. Mjomba, mdogo wa marehemu, aliapa kuwa ni cha kuwekea beseni. Jirani fundi cherehani alisema ni cha kupigia pasi mikono ya mashati. "Beseni gani linakaa kwenye mteremko, bwana?" alimwuliza mjomba. "Na shati gani linapigwa pasi huku limesimama?" mjomba akamrudishia. Mke wa kitinda mimba hakungoja uamuzi. Alikuta vibanio viwili vya nguo vimebana ukingo wa juu, akavipeleka kwenye kamba ya nguo, kisha akakiburuta kitu chenyewe uani na kuanikia vitambaa vya vyombo. Hakuna anayeweza kumlaumu. Katika nyumba ambayo mto wa kochi ni mifuko na rafu ni droo, kitu ni kazi unayokipa wakati huo.

Alhamisi alasiri mjomba alimwuliza Kimya mbele ya watu, "Mjomba, unasoma au husomi? Watu wa ratiba wanataka jina." Kimya alisema anakwenda kunawa. Alikwenda uani, akasimama kati ya vitambaa vilivyoloa, na hapo, kwa kuwa macho yake yamezoea kutazama chini, akaona kitu ambacho wote walikuwa hawajakiona. Chini ya ubao, kwenye msumari, kulikuwa na uzi. Si uzi wa nguo. Ulikuwa uzi wa kushonea viatu, wa kahawia, uliopakwa nta, wenye mafundo matatu.

Katika nyumba nzima uzi wa namna ile ulikuwa wa mtu mmoja tu.

Aliutoa, akakanyaga mwanzo wake, akaunyoosha juu. Fundo la kwanza lilipita. Fundo la pili, la kiwiko, liligusa ukingo wa ubao sawasawa.

"Dada! Njoo."

Dada alikuja akikausha mikono. "Nini tena?"

"Hiki kimepimwa kwa uzi wangu."

Dada aliuangalia uzi, akaangalia ubao, akamwangalia yeye. Kisha akaondoa vitambaa vyote kwa mkupuo mmoja na kumsukuma nyuma ya ubao. "Simama hapo. Inua uso." Akatoa kipande cha karatasi mfukoni, akakilaza. Kilikaa juu ya rula. Upepo ulipopita kikaruka.

"Vile vibanio," Kimya alisema.

Walikwenda kwenye kamba na kukagua kibanio kimoja baada ya kingine, mpaka wakapata viwili ambavyo ndani ya midomo yake vimebandikwa vipande vya mpira mweusi wa soli, vidogo kama kucha. Walivirudisha. Karatasi ikatulia. Dada aliinama kuangalia rula ilivyofungwa: upande mmoja msumari mdogo, na upande wa pili skrubu ya zamani, iliyong'arishwa kwa mafuta ya taa, yenye urefu wa ukucha wa kidole gumba.

"Kimya," alisema taratibu. "Ameipatia mahali pake."

Waliinama pale wote wawili kwa muda, wakitazama skrubu ile moja kama watoto. Kisha Kimya aliingia ndani na kumwambia mjomba, kwa sauti ambayo watu wa chumba cha pili waliisikia, "Andika jina langu."

Aliyesimama mbele yenu na kusoma maneno haya ndiye huyo. Kitu kilicho mbele yake ndicho hicho. Kwenye kadibodi, palipokuwa patupu, sasa pameandikwa kwa mwandiko wa mwanawe: "ya kusomea". Ikiwa kuna mtu anajiuliza mikono yake iko wapi, iko mfukoni.

Marehemu ameacha watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja na wadogo zake wawili. Ameacha pia nyuzi kumi na sita nyuma ya mlango, na stoo iliyojaa vitu vilivyofungwa kadibodi, ambavyo familia inaomba yeyote mwenye wazo aje avitazame. Mto wa kochi bado unalia.

Karatasi imetulia, Mama. Nawe utulie kwa amani.