Maisha ya Mhandisi wa Pampu Aliyeomba Vyuo Sita

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani, wafanyakazi wa idara ya maji, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, Bwana asifiwe. Familia imemtuma mdogo wa mwisho wa marehemu asimame hapa asome maisha ya dada yake, naye anaomba mmvumilie, maana si msemaji, na atasoma polepole ili asikwame njiani.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Dada Pampu, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1973 katika zahanati ya misheni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa baba yetu, mpiga kengele wa kanisa, ambaye alishatangulia, na mama yetu mkunga, ambaye yuko hapa mbele yenu na miaka yake themanini na mitatu, Mungu aendelee kumtia nguvu. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kufungua vitu aone ndani kuna nini, na akiwa na miaka saba aliifungua redio ya baba, akaifunga tena, ikalia vizuri, ila mkononi zikabaki skrubu mbili, akampelekea baba akamwambia, "Baba, hizi walizidisha kiwandani." Baba alikuwa ameshachukua fimbo, lakini alicheka mpaka akakaa chini.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1980, akamaliza sekondari mwaka 1993, na Septemba 1994 akaingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa mitambo, wakiwa wasichana watatu katika darasa la watu tisini, akahitimu tarehe 28 Novemba 1998 kwa daraja la pili la juu. Tarehe 1 Februari 1999 aliajiriwa katika kituo cha kusukuma maji, na mafundi waliokuwepo walipomwona siku ya kwanza walisemezana, "Afadhali, tumepata wa kutupikia chai." Mafundi hao wako hapa leo, wanajijua, nao watakiri kwamba haikupita miezi mitatu wakawa wanamwita yeye kwanza kabla ya kumwita mkuu wao.

Alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu, fundi cherehani, siku ya Jumamosi tarehe 18 Desemba 1999, na Mungu akawajalia watoto wawili, wa kwanza binti, aliyezaliwa tarehe 22 Mei 2001, na wa pili mvulana, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 2004.

Ndugu waombolezaji, hapa familia inaomba tukae kidogo, kwa sababu marehemu mwenyewe alipenda kupasimulia kuliko mahali pengine popote.

Mwaka 2008, baada ya kuona pampu zilezile zinaliwa na mchanga kila msimu wa mvua, na kila mwaka zinafungwa nyingine zije ziliwe vilevile, dada yetu aliamua kwamba lazima asome zaidi, akatafuta vyuo sita katika nchi za mbali vinavyofundisha shahada ya pili katika uhandisi wa mitambo ya maji, vyuo ambavyo watu mia kadhaa wa dunia nzima huomba na wanachukuliwa kumi au kumi na wawili. Alikuwa na miaka thelathini na mitano. Karatasi za ufadhili zilisema wazi kwamba mwombaji asizidi miaka hiyo, kwa hiyo alijua anapiga hodi mara moja tu, na mlango ukifungwa haufunguliwi tena. Alifuatilia matokeo yake chuoni hadi yakatumwa yakiwa na muhuri, akaandika maelezo yake mara tisa, na tarehe 25 Oktoba alikwenda kufanya mtihani wa Kiingereza, ambako mlinzi wa getini alipoona wanaoingia ni vijana tu alimsimamisha akamuuliza, "Mama, umemleta nani?" Akamjibu, "Nimejileta mwenyewe, baba, nipishe nisichelewe."

Vyuo vile vilitaka pia barua ya kiongozi wake wa kazi, na mkuu wa kituo, ambaye sisi sote tulimwita Mzee Mabomba, na ambaye leo ameketi safu ya pili, alikubali kwa moyo mweupe, akaiandika kwa siku nne, akaituma kwa vyuo vyote sita, ndipo akamwita dada ofisini ampe nakala yake. "Mwanangu," alimwambia, "barua hii hata mimi sijawahi kuandikiwa." Dada akaisoma amesimama. Ilisema kwamba mtajwa hajawahi kuchelewa kazini, hana ugomvi na mtu, hanywi pombe, anasalimia wakubwa kwa wadogo, na kwamba spana zote alizoazima stoo amezirudisha, na moja aliirudisha ikiwa nzuri kuliko alivyoichukua. Basi. Kuhusu hesabu zake, michoro yake, na yale majaribio aliyokuwa akifanya na mchanga ndani ya ndoo, hakuna hata neno. Sisi hapa tunajua kwamba mkubwa wa kazi akikuandikia hivyo amekusifu mpaka mwisho, lakini walimu wa kule walikuwa wanauliza kama mtu huyu anaweza kufanya utafiti, nao wakajibiwa kwamba anasalimia.

Dada alimshukuru mzee kwa mikono miwili, akatoka, akaenda kulia chooni, akanawa uso, akarudi zamu. Shemeji alimwambia, "Mke wangu, mwombe aandike nyingine," naye akajibu kwamba barua ikishaingia kwenye mtandao wa vyuo vile hairudi, na hata ingerudi, asingeweza kumwambia mzee kwamba wema wake haukutosha.

Mwezi wa Februari 2009 majibu yakaanza kuingia, na vyuo vitano, kimoja baada ya kingine, vilimtakia kila la heri. Alipopata la tano alimwambia mdogo wake, "Imebaki moja, na Mungu hahitaji mbili."

Chuo cha sita kilimwita kwenye mahojiano ya kompyuta, siku ya Jumanne tarehe 10 Machi 2009, saa tisa alasiri, yakafanyika katika ofisi ya katibu wa kanisa, maana ndipo mtandao ulipokuwa unashika, tena ulishika pale tu mtu alipokishika kile kidude cha kunasia mtandao dirishani na kukiinua juu, na mtu huyo alikuwa huyu anayewasomea. Kwenye kioo walitokea watu watatu, na profesa mmoja mama mwenye nywele nyeupe akasema, "Nimesoma barua za sifa miaka ishirini na sita, kila mtu ni bora duniani, lakini sijawahi kusoma habari za spana. Hebu niambie, uliifanya nini?"

Jamani, dada yetu alikuwa na woga tangu asubuhi, lakini aliposikia spana, woga wote ukamtoka. Akaeleza kwamba nati za vali kubwa zilikuwa zinafunguliwa na wanaume watatu huku wakiumia mikono, akaona kosa ni pembe ya mdomo wa spana, akaukata, akauchomelea upya, na tangu siku hiyo mtu mmoja anafungua peke yake. Profesa akauliza alijuaje ile pembe. Akachukua karatasi za matangazo ya ndoa mezani kwa katibu, akazigeuza, akachora, akaziinua mbele ya kompyuta moja baada ya nyingine, kutoka spana wakafika kwenye vali, kutoka vali wakafika kwenye mchanga na ndoo, na yale mahojiano ya dakika ishirini yakaenda saa nzima na robo. Mkono wa mdogo wake ulikufa ganzi dirishani, akanong'ona, "Dada, nashusha," naye bila kugeuka akamjibu, "Ukishusha usije nyumbani."

Jibu lilikuja Alhamisi tarehe 26 Machi 2009, saa nne na nusu asubuhi, akiwa kituoni. Amechaguliwa, na ufadhili wote. Alipiga yowe hata fundi wa zamu akadhani pampu imemkamata, akakimbilia swichi kuu akazima mitambo yote, na badala ya kuiwasha tena, wote wakaanza kurukaruka na kumbeba Mzee Mabomba juu juu, yeye akisema, "Si niliwaambia barua yangu ni nzito!" Wale mliokuwa mnafua nguo siku hiyo mkakosa maji kwa dakika arobaini, na idara ikatangaza hitilafu ya kiufundi, lakini ukweli ndio huo, na familia inaomba radhi.

Aliondoka tarehe 2 Septemba 2009, amevaa koti la baridi alilolishona shemeji yetu kwa kutazama picha, koti nene kiasi kwamba mikono haikushuka, akahitimu tarehe 17 Juni 2011, akarudi kituoni palepale, na chujio la mchanga alilolibuni likafungwa mwaka 2013, na pampu zile hazijabadilishwa hadi leo.

Mwezi Agosti 2024 alianza kusumbuliwa na tumbo, tarehe 2 Oktoba akafanyiwa upasuaji katika hospitali ya rufaa, ikaonekana ni kansa, akapokea matibabu kwa imani na uvumilivu, hadi alipolala katika Bwana siku ya Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, saa kumi na mbili asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, wafanyakazi wenzake waliochimba kaburi kwa mikono yao, Mzee Mabomba, na majirani wote, hasa jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye tangu alfajiri amewafungia kuku wake wasipige kelele, na sababu yake tunaieleza sasa.

Wengi mmeuliza binti yake mkubwa yuko wapi, na wengine mmenong'ona. Binti yuko nyumbani kwa jirani huyo, mlango umefungwa, na saa hii tunaposoma yuko kwenye mahojiano ya chuo alichoomba kusomea shahada ya pili ya uhandisi wa umeme. Barua ya kumwita ilikuja mama yake akiwa bado wodini, akaipigia hesabu tarehe, akaona jinsi siku zinavyokwenda, akatuita wote kitandani. Tulisema tutaomba isogezwe. Akakataa, akasema, "Mimi nikizikwa nimezikwa, sihami. Amalize kwanza, ndipo aje anisalimie."

Kwa hiyo tunawaomba, atakapoingia kwenye lango lile, mtu asimpokee kwa kilio, mwacheni afike, mumuulize kwanza mahojiano yamekwendaje, kwa kuwa hilo ndilo mama yake angemuuliza, na akishajibu, tutalia naye.

Bwana alimtoa, naye Bwana amempokea. Lala, dada yetu, upumzike katika amani yake.